Mtamba wa Kuwaachanisha

Jumanne, 3 Juni

Nimemaliza sizoni nyingine ya Kikorea. Takataka! Sehemu kumi na sita na hakuna hata mtu mmoja aliyeshika jembe. Kijana ni mrithi wa kampuni. Kila asubuhi koti jipya, na kazi yake ofisini ni kusimama dirishani akiwa na huzuni. Msichana ni maskini, tunaambiwa. Maskini gani mwenye friji ya milango miwili? Nimesoma vitabu juu ya watu hawa: vita vyao, njaa yao, viwanda walivyojenga kwa mgongo. Hayo yote hayafiki kwenye flashi. Inafika mitandio tu.

Kilichonitia hasira zaidi ni kifo. Msichana anaumwa ugonjwa usio na jina. Tone moja la damu puani, basi. Shuka nyeupe, lipstiki mdomoni, theluji dirishani. Mtafsiri wetu, ambaye kwa sauti yake moja nzito anaigiza msichana, bibi na daktari, anatutangazia kwamba mapenzi hayafi. Mke wangu Rhoda akalia. Nikamwambia sisi tunajua mgonjwa anavyokufa. Akabeba beseni la nguo akatoka.

Binti yetu Ng'washi alikuwa na miaka kumi na moja. Selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa. Alikuwa akiuma shuka ili asipige kelele. Hakukuwa na theluji.

Leo nilirudisha flashi kwa Violeth, mwenye duka la kuwawekea watu muvi karibu na stendi. Kwenye kompyuta anakaa Milembe, binti wa kaka yake. Ndiye ambaye mwanangu Renatus anataka kumwoa. Sina neno naye. Mtulivu, anaamkia vizuri. Lakini leo alikuwa na mdogo wake wa kiume kwenye benchi, kaletwa kliniki kutoka Lalago. Macho ya njano. Vidole vimevimba. Na mkononi pakiti ya vidonge vidogo vya njano! Nilivitambua kabla sijavaa miwani. Nimevinunua miaka mingi.

Hesabu ni fupi. Mdogo wake anaumwa, basi Milembe huenda amebeba mbegu ya ugonjwa. Renatus amebeba, hilo nalijua tangu walipotupima nyumba nzima wakati wa Ng'washi. Alikuwa mdogo, hatukumwambia, hatujamwambia. Waliobeba wawili wakioana, kila mimba ni kamari. Nimeshaicheza kamari hiyo na nimeshamzika aliyepoteza. Ndoa hii haitafungwa!

Rhoda anasema jambo ni jepesi. Nimkalishe kijana, nimwambie, wakapime. Jepesi! Kumwambia ni kulitaja jina la dada yake, na jina hilo halijatajwa mezani kwetu tangu mazishi. Rhoda akasema basi atasema yeye. Nimemwapisha anyamaze. Mimi ndiye baba. Nimetazama sizoni za kutosha kujua wapenzi wanavyotenganishwa. Wakorea hawajui kulima, lakini kutenganisha wanajua.

Alhamisi, 5 Juni

Mbinu ya kwanza: mwanamke wa pili. Kila sizoni anaye. Kasoma, mzuri, familia nzuri, na kijana ni mjinga asiyemwona. Mimi nimemwona. Elina, anafundisha jiografia shuleni kwetu. Akili nyingi, meno mazuri, wazazi wake wenye mashamba ya mpunga kule Mwamanyili.

Tatizo ni mvua. Wakorea hawapendani bila mvua na mwavuli mmoja. Mvua yao inanyesha kwa amri ya mwongozaji. Yetu imeshakoma, pamba imepasuka, na Bariadi nzima ni vumbi. Ikabidi nifikiri. Elina ana pikipiki. Renatus ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nikachuchumaa nyuma ya bweni, nikalegeza waya wa plagi, nikamwambia Elina mwanangu anaweza kumsaidia. Pikipiki iliyokufa, msichana mwenye jasho, fundi mwenye mikono ya mafuta. Nani angeshindwa?

Renatus alibana waya ule kwa vidole viwili, hata spana hakutoa. Akamwambia Elina kuna mtu amemchezea, awe macho, mji umeingiliwa na wezi wa aina mpya. Elina akasema si mwizi, ni Mwalimu, wanafunzi wamemwona amechuchumaa. Kisha akapita nyumbani kumuuliza Rhoda, kwa heshima zote, kama nina afya njema. Rhoda akasema hapana.

Renatus hakuniuliza kitu. Alikula bila kusema, akaingia chumbani. Siku hizi yuko hivyo. Nadhani ni uchovu wa msimu.

Jumamosi, 7 Juni

Jumuiya ilikuwa kwa Violeth. Baada ya sala, kwenye mengineyo, nikaomba kuzungumza. Ilikuwa mbinu ya pili: kumshambulia adui hadharani ili kijana asikie bila kuambiwa.

Nilianza na Wahindi, kuwapasha moto wasikilizaji. Mama mkwe akishtuka, tunaonyeshwa uso wake mara tatu kwa radi tatu. Mtu anaweza kwenda kuchota maji akarudi, bado ameshtuka. Wakacheka. Wafilipino: kila mtoto alibadilishwa hospitalini. Wakacheka zaidi. Kisha nikaingia kwa Wakorea, na sauti ikapanda yenyewe. Nikasema watu hawa wameugeuza ugonjwa kuwa pambo. Nikasema mgonjwa wa kweli ananuka, analia, anamtukana mama yake kwa maumivu, na hakuna anayempigia piano. Nikasema vijana wetu wanaulizana rangi wanayoipenda na hawaulizani habari za damu.

Nilikuwa nimewashika!

Violeth akainua mkono. "Mwalimu, huyo msichana wa tone la damu anakufa sehemu ya ngapi?"

Nikasema ya kumi na nne.

"Na aliyemletea theluji kwenye ndoo?"

Nikasema huyo ni wa sizoni nyingine kabisa, tusichanganye vitu. Jumuiya ikaanguka kicheko. Mzee mmoja alishika ubavu. Violeth akasema mteja wake mkubwa ni mimi, na kama sizoni ni sumu basi Mwalimu ameinywa kwa pipa. Kisha akageuka kwa wenzake, tena bila mzaha. Akasema kasoro ya sizoni anaijua yeye muuzaji: zote zingeisha sehemu ya pili kama mtu mmoja angefungua mdomo akasema analolijua. Nikamjibu kwamba hiyo ni hoja ya mtu asiyeelewa muundo wa tamthilia. Amani haikupatikana mpaka chai ilipoletwa.

Lakini nilipata nilichokitaka. Nilipotaja damu, Milembe aliinuka akatoka. Alirudi macho yamevimba. Renatus alitazama sakafu muda wote. Imewaingia!

Njiani Rhoda akasema watoto wale wana jambo. Zamani walikuwa wakikaa benchi moja. Leo mmoja mlangoni, mwingine ukutani. Nikamwambia hiyo ni adabu ya jumuiya. Akasema, "Baba Renatus, waulize." Nikamwambia bado kusukuma mara moja tu.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata! Bahasha!

Hakuna sizoni bila bahasha. Mama wa kijana, au bibi mwenyekiti wa kampuni, anamwita msichana kwenye mgahawa usio na wateja. Anaweka bahasha mezani, nene. Anasema kwa sauti ya baridi: chukua, umwache mwanangu. Msichana analia, lakini ujumbe umefika. Familia imekataa. Hakuna aliyetaja ugonjwa, hakuna aliyetaja marehemu. Usafi mtupu!

Sasa mimi si bibi mwenyekiti. Mshahara wa mwalimu hautengenezi bahasha nene. Hapa ndipo elimu inapomsaidia mtu. Msomaji mvivu anaiga. Msomaji makini anatafsiri. Bahasha ya Seoul, Usukumani ni nini? Ni ng'ombe! Ninao wachache Lalago, anawachunga binamu yangu Maganga. Yupo mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mzuri mpaka wapita njia wanasimama. Nitampeleka kwa Mayige, baba yake Milembe. Nitaitupa kamba chini mbele yake, nitasema maneno ya baridi, nitaondoka bila kugeuka. Mzee ataudhika, atamkataza binti. Kilichobaki kitamalizwa na kiburi cha mfugaji.

Nimempigia Maganga. Nimemwambia tu kwamba Ijumaa tunapeleka mtamba kwa Mayige kwa ajili ya mambo ya vijana. Maganga mdomo wake hauna mlango, sikumwongezea neno. Akapiga mluzi kwenye simu. Akasema wabeja sana, asante, ndugu yangu, nilikuwa nakungoja.

Sikuelewa alikuwa anangoja nini. Nimeyafanyia mazoezi maneno ya baridi mbele ya kioo. Rhoda aliuliza kama jino linaniuma.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika haya nikiwa kwa Maganga, Lalago. Tumbo limejaa nyama ya mbuzi. Nataka kufa.

Nilipofika asubuhi, Maganga alikuwa amevaa koti. Koti, kofia ya pama, fimbo ya mpingo. Nikamuuliza koti la nini. Akasema, "Mwalimu, mnyama hapelekwi kwa watu na mtu wa kandambili." Tukaanza safari, mtamba mbele. Kila tuliyekutana naye barabarani alisimama kutuamkia huku meno yote yako nje. Mwangaluka, mwangaluka! Mama mmoja mwenye mzigo wa pamba kichwani akaniambia hongera. Nilidhani amesikia hotuba yangu ya jumuiya.

Kwa Mayige walikuwa wamefagia. Ningejua hapo. Mtu anayevamiwa hafagii.

Nilisimama katikati ya uwanja, kamba mkononi, uso wa baridi. Mayige akatoka, mzee mrefu mwenye mikono iliyopasukapasuka kwa kuchuma pamba. Nikavuta pumzi. Kabla sijafungua mdomo, mama yake Milembe na wanawake wengine wakatokea nyuma ya ghala. Mmoja akaichukua kamba mkononi mwangu, taratibu, kama unavyompokea mgeni mzigo. Vigelegele! Mtamba akapita mbele yangu akitingisha kichwa, akaingia zizini. Lango likafungwa.

Najua maana yake. Kila mtoto wa Kisukuma anajua. Mtu wa upande wa mvulana akimfikisha mtamba kwenye zizi la baba wa msichana, na kamba ikahama kutoka mkono wake kwenda mkono wa wanawake wa mji ule mbele ya shahidi, uchumba umesimama. Nimewahi hata kuandika makala juu ya desturi hii na kuwakemea vijana wanaoidharau. Lakini kichwani mwangu leo alikuwa amekaa bibi mwenyekiti, na huko kwao hakuna zizi.

Nikaanza: "Ndugu Mayige, nimekuja kusema—" Mzee akainua mkono. Akasema mnyama mzuri hahitaji kusemewa. Akaingia zizini, akamtazama meno, pembe, chuchu, akarudi akinikumbatia. Akaniita mzazi mwenzake. Akasema watu wa mjini siku hizi wanatuma pesa kwenye simu kama wanalipia king'amuzi, lakini mimi, msomi, nimekuja kwa miguu yangu nikiishika kamba mwenyewe. Macho yake yalikuwa na maji.

Maganga ndiye aliyezungumza yote yaliyobaki. Kumbe amejifanya mshenga tangu siku niliyopiga simu, na Lalago yote inajua. Walitaja ng'ombe wengine watakaofuata. Nilitingisha kichwa kukubali kwa sababu shingo ilishindwa kufanya kitu kingine.

Kwenye mkeka pembeni alikuwa amelala yule mdogo wake Milembe. Mama yake alikuwa akimkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto. Mtoto alikuwa ameuma ncha ya shuka.

Niliendelea kula. Sijui kwa nini naandika hivyo, lakini niliendelea kula.

Jumapili, 15 Juni

Mambo yamekuwa hivi.

Renatus aliniita nyuma ya nyumba baada ya misa. Sura imemkauka. Akaniambia kwamba yeye na Milembe walipima mwezi wa nne. Milembe ndiye aliyetaka. Kliniki walimshauri kwa sababu ya mdogo wake. Wote wawili wamebeba. Nesi aliwachorea kwenye karatasi: wazazi wawili, watoto wanne, mmoja kapakwa wino wote. Akamuuliza mwanangu kama kwao kuna mtoto aliyefariki. "Baba, habari za ugonjwa wa dada yangu nilizisikia kwa mtu ambaye hata jina langu alikuwa analisoma kwenye faili."

Walilia wiki kadhaa. Kisha, wakiwa na akili kuliko umri wao, wakakubaliana kuachana. Siku ya jumuiya walikuwa wameshaachana! Ndiyo maana ya mmoja mlangoni, mwingine ukutani. Ndiyo maana ya macho yaliyovimba. Nilikuwa nasukuma mlango uliokwisha kufungwa.

Na sasa nimeufungua. Milembe aliitwa nyumbani Ijumaa ileile jioni, akaonyeshwa mtamba. Mayige akamwambia baba mkwe wake amekuja mwenyewe. Milembe alikaa chini palepale mlangoni mwa zizi. Halafu akampigia Renatus, akasema maneno ambayo mwanangu alinirudia neno kwa neno. Alisema: "Baba yako amemzika mtoto kwa ugonjwa huu. Anaujua kuliko sisi. Kama yeye haogopi, sisi tunaogopa nini?"

Renatus akanitazama. Akaniuliza kama ni kweli siogopi.

Nilisema jambo hili lina pande nyingi.

Akatingisha kichwa kama aliyesikia kwamba siogopi, akaondoka na furaha ndogo ambayo sikuwahi kuiona ikimdhuru mtu namna ile.

Rhoda amesikia yote kutoka jikoni. Amesema nirudi Lalago leo leo, nimwambie Mayige ukweli, aibu ni yangu na itapita. Nikamweleza kwamba kumtoa mtamba aliyekwisha kulala zizini mwa mkwe ni kuutukana ukoo mzima, na nikaanza kumtajia mifano ya kihistoria. Akanikatiza kwenye mfano wa pili. Akaniambia kiapo chake kimekwisha, atamwambia kijana mwenyewe. Akaenda. Aliporudi alikaa muda mrefu na mwiko mkononi. Amesema Renatus alimsikiliza kwa heshima, akamjibu: "Mama, wewe umeogopa siku zote. Baba ndiye aliyepeleka mtamba."

Tangu hapo Rhoda ananipa chakula bila kuniangalia.

Nalaumu watu wa Seoul.

Jumamosi, 21 Juni

Wiki ya giza. Elina ananiamkia akiwa upande wa pili wa barabara. Violeth ameanza kuniita shemeji mbele za watu na hataki hela ya flashi. Anasema sasa sisi ni ndugu. Rhoda amekwenda Lalago kumsaidia mama yake Milembe, kwa sababu mtoto yule amezidiwa na inabidi mmoja ambebe, mwenzake akachote maji. Hakuniaga. Aliacha maharage kwenye sufuria.

Leo mchana Renatus aliingia sebuleni nikiwa natazama. Akazima televisheni. Akakaa karibu yangu, magoti yake yakigusana na yangu, jambo ambalo hajalifanya tangu alipokuwa mtoto. Akasema kesho anakwenda parokiani kuandikisha ndoa. Akasema hajalala. Akasema Milembe anamtegemea yeye na yeye ananitegemea mimi.

"Baba, niambie Ng'washi alikufaje. Siku ya mwisho. Niambie wewe. Ukiniambia nisimame, nitasimama, na Milembe ataelewa. Mtamba nitamrudisha mimi na matusi nitayabeba mimi."

Alisubiri. Kuku walikuwa wakiparua nje.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Jina lilifika mpaka kwenye meno. Nikaiona shuka ile, na lile pindo lililotoboka. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba alifika wakati mzuri, kwa sababu sizoni niliyokuwa natazama ina udhaifu mkubwa sehemu ya kumi na tano: mwandishi amewaacha wahusika bila sababu ya kutenda. Niliendelea. Nililinganisha na Wafilipino. Nilikuwa na hoja nzuri, kwa kweli, mojawapo ya hoja zangu bora mwaka huu.

Renatus alinisikiliza mpaka mwisho. Kijana ana adabu. Kisha akasimama, akaiwasha televisheni, akanirudishia rimoti mkononi na kuyafunga vidole vyangu juu yake, kama mtu anavyomfanyia mzee sana. Akatoka. Nilisikia akimpigia Milembe, akimwambia mambo yako sawa, Baba hana neno, waonane kesho parokiani.

Nilikaa.

Lakini hali bado si mbaya! Nimepitia flashi yote na nimeona pale nilipokosea. Bahasha ilikuwa ya mama. Nilichukua nafasi isiyo yangu. Baba wa kijana ana silaha yake peke yake. Padri anauliza kama kuna mwenye pingamizi, na baba, bila kusema neno hata moja, anashika kifua na kuanguka mbele ya altare. Harusi inasimama. Hakuna anayeulizwa kitu. Nimeiona kwa Wakorea mara tatu na kwa Wahindi kwa radi zote, na haijawahi kushindwa.

Nimeanza mazoezi sebuleni, kati ya kochi na meza. Mara ya kwanza nimevunja stuli ya Rhoda. Mara ya pili nimeangukia bega la kushoto, na sasa mkono haupandi.

Kesho nitajaribu kuanguka upande wa kulia.